Shuka la mzee anayegaagaa usiku

Mtoto akitaka kumpendezesha mama yake, humnunulia seti ya satini: inang'aa, ina foronya nne, imefungwa kwa utepe. Kwa anayelala tuli haina ubaya mkubwa. Kwa mzee anayegaagaa usiku kucha, anayeinuka saa nane kutafuta kandambili kwa mguu, shuka hilo ni hatari, maana akikaa ukingoni mwa kitanda nguo huteleza na yeye huteleza nayo. Katika kazi yangu ya kuuguza wazee majumbani, jambo la kwanza ninaloangalia si ulaini wala bei. Ninaangalia kama shuka limeshika godoro.

Mzee akitaka kujisogeza hujikita kwa visigino na viwiko. Ngozi yake imekuwa nyembamba, na nyama iliyokuwa ikiufunika mfupa imepungua. Shuka likijikusanya chini yake, mikunjo humbana nyongani na kwenye mfupa wa chini ya kiuno. Likilowa jasho, ngozi hunata kwenye nguo huku mfupa ukisogea, na mishipa midogo ya damu iliyo katikati huvutwa. Hivyo ndivyo vidonda vya kulalia vinavyoanza. Vitabuni wanasema ngozi hugeuka nyekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kwa shida. Pitisha mkono: mahali penye joto au ugumu zaidi kuliko pembeni pameshaanza kuumia.

Sasa tuje dukani, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Godoro letu la futi 5 kwa 6 lina urefu wa sentimita 183 hivi. Mashuka mengi ya lastiki yatokayo Ulaya, mapya na ya mitumba, yameshonewa godoro la sentimita 200. Ukilivisha godoro la nyumbani, unabaki na sentimita 17 za nguo iliyolegea, na huyo mwenye kugaagaa atazikusanya zote mgongoni kabla ya kibofu kumwamsha alfajiri. Kwa hiyo pima godoro kabla ya kutoka nyumbani: urefu, upana na unene. Muuzaji akikwambia "sita kwa sita", muulize kama ni kipimo cha kitanda au cha nguo yenyewe. Kwa shuka lisilo na lastiki, godoro la futi 5 lenye unene wa inchi 8 linataka nguo yenye upana wa takriban sentimita 250, ili kila upande ubaki na sentimita 30 za kuchomekea. Pungufu ya hapo, litachomoka.

Mimi hupendelea fundi cherehani. Nunua pamba ya mita, hata marekani ya kawaida, ifue kwanza ili inywee kabla ya kukatwa, kisha mwambie azungushe lastiki pande zote nne, si kwenye pembe peke yake. Kina cha pembeni kiwe unene wa godoro ukiongeza inchi 4 za kuingia chini. Kama upana wa kitambaa hautoshi na lazima aunge, kiungo kisipite katikati ya kitanda; bibi atakilalia na asubuhi utaona alama yake mgongoni.

Lastiki ina faida nyingine kwa nyumba zetu. Chandarua huchomekwa chini ya godoro, na kila mzee anapotoka usiku hukivuta. Shuka lililochomekwa pamoja nacho hufuata, likabaki linaburura sakafuni tayari kumnasa mguu. Lenye lastiki hubaki mahali pake.

Kuhusu kitambaa, pamba hunywa jasho, poliesta haiwezi. Usiamini maandishi ya kwenye pakiti. Chomoa uzi mmoja pindoni, ukauchome nje ya duka: pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Mchanganyiko wa viwili hivyo hukauka haraka, na kwa mzee anayekojoa kitandani naukubali bila kinyongo. Idadi ya nyuzi inayotajwa kwa maelfu ipuuze. Nyuzi 200 hadi 400 kwa inchi ya mraba zinatosha kabisa, na idadi ya ziada mara nyingi ni hesabu ya muuzaji. Shuka jipya lifue mara mbili kabla ya kulitandika, dawa ya kiwandani itoke.

Mpira wa kuzuia mkojo usigusane na mwili. Uweke chini ya shuka, eneo la kiuno tu, halafu juu ya shuka tandika kanga iliyokunjwa mara moja, uichomeke kwa nguvu pande zote mbili. Ikilowa usiku unabadilisha kanga bila kukivua kitanda kizima. Rangi ya shuka iwe moja na ya kupauka, ili damu au usaha uonekane mapema. Mzee aliyeanza kusahau anaweza kuyaona maua madogo ya shuka kuwa wadudu na kuanza kuyadonoa.

Lakini shuka halitibu kugaagaa. Kama anatumia dawa ya presha inayokojosha, muulize daktari kama anaweza kuinywa asubuhi. Miguu inayomsumbua jioni hadi lazima aitembeze inaweza kutokana na upungufu wa madini ya chuma, hivyo damu ipimwe. Anayepiga ngumi na kupiga kelele ndotoni aonwe na daktari, kwani wakati mwingine hiyo ni dalili ya mapema ya ugonjwa wa Parkinson. Na aliyekuwa akilala vizuri, ghafla ndani ya siku chache akawa anahangaika na kuweweseka, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo au malaria.

Nunua mashuka matatu: moja kitandani, moja kambani, moja kabatini. Wakati wa masika ongeza la nne. Fedha ikiwa imeishia kwenye seti moja ya satini, rudi dukani uibadilishe kwa pamba ya mita.