Kabla Hujahamia Unguja

Vijana wa Kibera na Kawangware wanaosaka kazi za hoteli hawaishii tena Diani na Watamu. Wanavuka mpaka hadi Unguja, kisiwa kikuu cha Zanzibar: wapishi, wahudumu, wasusi, hata walimu wa shule za kibinafsi. Wengi huondoka wakidhani wanakwenda Mombasa nyingine. Sivyo. Ile ni nchi ya watu, tena ni serikali mbili kwa mpigo: ya Muungano wa Tanzania, na ya Zanzibar yenye rais wake, Baraza la Wawakilishi na sheria zake za kazi. Ndiyo maana karatasi nazo ni mbili. Kibali cha kazi hutolewa na serikali ya Zanzibar, kibali cha ukaazi na Uhamiaji. Kitambulisho chetu hakitoshi mpakani. Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Anayekuambia uje tu, mengine yatapangwa hukohuko, anakupangia safari ya kurudi.

Ukifika, huhamii nyumba kimyakimya. Kwetu mtu hulipa kodi, akapewa ufunguo, na jirani asijue jina lake mwaka mzima. Unguja kila shehia, yaani mtaa au kijiji, ina sheha, na mpangaji mgeni hupelekwa kwake aulizwe anatoka wapi, anafanya kazi gani, anakaa kwa nani. Wakenya wengi hukasirishwa na maswali hayo. Mimi sioni ubaya. Wazee wa vijiji vya Gatwekera na Laini Saba, kule Kibera, huuliza yaleyale, ila sheha ni mtu wa serikali, ana muhuri, na siku utakapohitaji barua yake utashukuru kwamba anakujua.

Joto halizoeleki haraka kwa aliyetoka mji ulio juu ya mita 1,600. Kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa upepo wa kaskazi, utaoga usiku na kutokwa jasho kabla hujajifuta. Kusi ikishika, kuanzia Juni, mtu hupumua. Chumvi nayo hula kila kitu, kufuli, bawaba za mlango, hata feni uliyoinunua juzi. Nguo ukizifungia sandukuni wakati wa masika zinaota ukungu.

Kwa maji na umeme, mtu wa Kibera anamshinda mtu wa Kilimani ya Nairobi. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, visima vingi hutoa maji yenye chumvi, kwa hiyo ya kunywa hununuliwa. Aliyekua akipanga foleni na mtungi wa lita 20 hashtuki. Umeme hutoka bara kwa kebo iliyopita chini ya bahari. Mwaka 2008 ulikatika karibu mwezi mzima, kisha kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kikakaa gizani takriban miezi mitatu. Kebo mpya ilianza kazi mwaka 2013, ingawa taa ya kuchaji haijawahi kukosa mnunuzi.

Kinachowashinda watu wetu ni adabu. Ukisimama kwenye duka la Darajani, mjini Unguja, ukasema, "Leta unga kilo mbili," kama tunavyosema pale steji ya matatu namba 46, utauziwa, na utakuwa umeshajulikana wewe ni mtu wa namna gani. Kwanza salamu, naye akujibu, akuulize za nyumbani, umuulize zake. Unga huja baadaye. Mkubwa humpiti bila shikamoo. Mlangoni unabisha hodi mara tatu, usipoitikiwa unaondoka, hata kama viatu vyao unaviona. Haraka ya Nairobi kule haisomeki kama bidii, husomeka kama dharau.

Ramadhani waliolelewa Makina ya Kibera, kati ya Wanubi, wataiona kama nyumbani. Wengine wajipange. Migahawa mingi ya mitaani hufungwa mchana, na anayekula hadharani anaweza kukamatwa. Jioni mambo hubadilika. Jirani hakuulizi dini yako. Anatuma mtoto na sahani iliyofunikwa, muhogo wa nazi, tambi, pengine kipande cha samaki. Sahani hairudishwi tupu. Hata chapati mbili zinatosha.

Kule shamba ni bahari. Maji yakipwa Paje, ufuo hurefuka hadi macho yachoke, na wanawake hushuka na kamba na vijiti kutunza mwani, zao lililoanza kulimwa huko mwaka 1989. Mama huinama maji yakiwa magotini, anafunga vipande vya mwani kwenye kamba kimoja kimoja, kisha anapandisha magunia yaliyorowa kabla bahari haijarudi. Mwani huo husafirishwa nje, ukaingia kwenye dawa za meno na vyakula vya watu wasiomjua mama huyo. Mita chache kutoka hapo mtalii amelala kwenye kiti cha kuota jua. Wenyeji wakilalamika kwamba ajira za hoteli zinachukuliwa na watu wa bara na Wakenya, tusijifanye hatusikii. Wana haki ya kuuliza.

Sasa fedha. Shilingi yetu moja ni karibu 20 za Tanzania, kwa hiyo ukiahidiwa laki nne kwa mwezi, hizo ni kama elfu ishirini za Kenya. Zinatosha ukipewa chumba na chakula. Bila hivyo, kodi ya vijiji vya utalii itazimaliza. Na mshahara hufuata wageni. Hoteli hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba, tena Desemba hadi Februari. Aprili na Mei, mvua za masika zikipiga, nyingine hufungwa na wafanyakazi hurudishwa nyumbani bila malipo.

Kwa hiyo usiende Machi. Nenda Juni, mkataba ukiwa mkononi, na uweke akiba ya miezi miwili kabla ya masika ya kwanza.