Tuwasikilize Wangali Hai

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vijana wapatao 125,000 walijitolea kuruka na ndege za mabomu za Uingereza. Zaidi ya 55,000 waliuawa. Wengi waliorudi walinyamaza. Hata wake zao hawakusimuliwa.

Mjini Lincoln, Uingereza, Kituo cha Kimataifa cha Bomber Command, kilichofunguliwa mwaka 2018, kinahifadhi sauti zao, barua na picha. Kinahifadhi pia kumbukumbu za Wajerumani na Waitaliano walioangushiwa mabomu hayo. Ni vyema, kwa maana machozi yalimwagika pande zote mbili.

Askari waliobaki ni wachache, nao wana umri wa miaka 100 hivi. Mama mpendwa, je, unamtunza mzee aliyepigana vita? Uuguzi umenifundisha kwamba mzee hafunguki akihojiwa kama mshtakiwa. Anza na madogo: Mlikula nini kabla ya kuruka? Rafiki yako alikuwa nani? Akilia, usimlazimishe, mshike mkono, urudi siku nyingine. Kwa ruhusa yake, rekodi sauti yake, kisha andika jina, mahali na tarehe.

Usingoje siku ya mazishi ndipo uulize habari zake.