Kuteua, Kuchagua na Kubakiza Majaji

Mfasiri aandikaye juu ya mahakama za majimbo ya Marekani asitumie neno "kuchagua" kwa kila njia ya kupata majaji. Katika Texas, majaji wengi huchaguliwa na wananchi, wakigombea kwa tiketi za vyama. Katika Virginia huchaguliwa na bunge la jimbo. Missouri, tangu 1940, hufuata hatua tatu kwa mahakama zake za ngazi ya juu: tume hupendekeza majina matatu, gavana huteua mmoja, baadaye wapiga kura huamua, ndiyo au hapana, kama abakie. Hatua hii ya mwisho yafaa kuitwa "kura ya kubakiza". Ikiitwa "uchaguzi" tu, msomaji atatafuta mpinzani asiyekuwapo, na maana ya sheria itapotoka.