Mshahara wa Mtaalamu wa Tabia Nchini Marekani: Kwa Nini Hutofautiana Jimbo kwa Jimbo?

Kati yetu wapo wenye ndugu wanaoishi Marekani na kufanya kazi ya kuwahudumia watoto wenye usonji, watu walionaswa na dawa za kulevya, au wagonjwa wa akili. Wapo pia vijana wanaotamani kusomea kazi hiyo. Swali lao la kwanza huwa ni mshahara, nalo ni swali la haki. Lakini tarakimu moja tu haiwezi kulijibu. Ni lazima tujue mtu ana ngazi gani, yuko wapi, na nani anayemlipa. (Tunaposema jimbo katika makala hii, tunamaanisha moja ya majimbo 50 ya Marekani, si jimbo la askofu.)

Tuanze na ngazi. Jina “mtaalamu wa tabia” linabeba watu wa aina nyingi. Ngazi ya chini kuna wenye cheti cha RBT. Hao humfundisha mtoto hatua kwa hatua kuomba anachotaka, kuvaa nguo, au kutulia bila kujiumiza. Cheti hicho kinadai umri wa miaka 18, elimu ya sekondari, mafunzo ya saa 40 na mtihani, na mwenye nacho hufanya kazi chini ya msimamizi. Juu yao wapo wenye cheti cha BCBA, ambacho kinadai shahada ya uzamili. Pembeni yao wapo washauri nasaha wa uraibu, tabia na afya ya akili, na wanasaikolojia, ambao wengi wao wana shahada ya uzamivu.

Takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2023 zinaonyesha kwamba mshahara wa katikati wa washauri nasaha hao ulikuwa dola 53,710 kwa mwaka, yaani karibu dola 4,475 kwa mwezi kabla ya kodi. Maana ya mshahara wa katikati ni kwamba nusu yao walipata zaidi ya hapo na nusu walipata pungufu. Kwa wanasaikolojia ulikuwa dola 92,740. Basi mtu akisema “wataalamu wa tabia hulipwa vizuri”, tumuulize kwanza: wataalamu gani?

Sasa tuje kwenye mahali. Tulinganishe California na Mississippi. California ni miongoni mwa majimbo yanayowalipa wanasaikolojia mishahara mikubwa zaidi. Mississippi ni miongoni mwa majimbo yenye mishahara midogo kwa kazi zote. Sababu ya kwanza ni sheria. Mwaka 2024 kima cha chini California kilikuwa dola 16 kwa saa. Mississippi haina kima chake yenyewe. Inafuata kile cha serikali kuu, dola 7.25, ambacho hakijabadilika tangu 2009. Mahali ambapo hata mfagiaji hulipwa dola 16, mwajiri hawezi kumpata mhudumu mwenye cheti kwa dola 12.

Sababu ya pili haionekani kwa urahisi: mfuko unaolipa. Familia nyingi hazilipi huduma hizi kutoka mfukoni. Hulipwa na bima, au na Medicaid, mpango wa afya kwa wenye kipato kidogo ulioanzishwa mwaka 1965. Serikali kuu huchangia angalau nusu ya gharama za Medicaid, lakini kila jimbo hujipangia kiasi litakachoilipa kliniki kwa huduma. Kliniki ikilipwa kidogo, haiwezi kumlipa mtumishi wake vizuri, hata mkurugenzi awe na moyo mwema namna gani.

Sababu ya tatu ni gharama za maisha. Kwa jumla, bei za California zimezidi wastani wa nchi kwa zaidi ya asilimia 10, na za Mississippi ziko chini ya wastani kwa zaidi ya asilimia 10. Tuseme mmoja analipwa dola 60,000 California na mwenzake dola 50,000 Mississippi. Tukichukua tofauti ya asilimia 10 tu kila upande, mshahara wa wa kwanza unanunua vitu vya karibu dola 54,500, na wa pili vya karibu dola 55,500. Aliyeonekana kupata kidogo amemzidi mwenzake.

Kuna jambo jingine la kuangalia: saa. Wenye RBT wengi hulipwa kwa saa. Mtu akiahidiwa dola 20 kwa saa, anajihesabia dola 800 kwa wiki ya saa 40. Watoto wakiugua na vipindi vikafutwa, akafanya saa 25 tu, amebaki na dola 500, na kodi ya nyumba ni ile ile.

Tofauti hizi haziishii kwenye pochi ya mtumishi. Mtoto mwenye usonji huchukua muda mrefu kumzoea mtu. Mhudumu akihamia mjini kufuata malipo bora, mtoto wa kijijini anaanza upya na mgeni, au anakaa kwenye orodha ya kusubiri. Ndiyo maana serikali kuu ina mpango wa kuwalipia wanasaikolojia na washauri wenye leseni sehemu ya mikopo yao ya masomo, wakikubali kutumikia maeneo yenye uhaba kwa angalau miaka 2. Lakini mwenye RBT, ambaye ndiye anayekaa na mtoto saa nyingi, hayumo katika mpango huo.

Kwa hiyo, kijana anayeitafakari kazi hii, au mzazi anayemshauri, aulize kabla ya kukubali: Ni cheti gani kinachotakiwa? Ni saa ngapi za uhakika kwa wiki? Kipindi kikifutwa, nitalipwa? Muda wa kusafiri kutoka nyumba hadi nyumba unalipwa? Kodi ya chumba hapo ni kiasi gani? Akishapata majibu hayo, ndipo aitazame tarakimu ya mshahara.