Shanga za kiunoni na kipimo cha mifupa

Mama wa miaka 63 anateleza pale Mwaloni Kirumba akiwa na beseni la dagaa, anaangukia kiganja, na mkono unavunjika karibu na kifundo. Anafungwa hogo, anapewa pole, baada ya wiki sita amerudi sokoni. Msomaji wangu, hapo kuna swali limerukwa. Mfupa imara hauvunjiki kirahisi kwa mtu kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe. Ukivunjika hivyo baada ya hedhi kukoma, huenda mifupa imepoteza madini, na utakaofuata unaweza kuwa wa nyonga.

Kipimo chake kinaitwa DEXA. Unalala chali juu ya meza, mkono wa mashine unapita juu yako kwa dakika chache, hauumi, na mionzi yake ni midogo sana. Mashine hizi bado ni chache nchini, hivyo ukipewa rufaa usiipoteze kwa maandalizi mabovu.

Kijana mmoja wa idara ya mionzi anayejiandaa na mtihani wa cheti cha upimaji huu aliniuliza aanzie wapi kusoma. Nilimwambia aanze na mlalo wa mgonjwa, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo. Mguu usipogeuzwa ndani nyuzi 15 hadi 25, shingo ya paja huonekana fupi na nzito kuliko ilivyo. Mashine itatoa namba nzuri, na mama atarudi nyumbani akiamini yuko salama. Kisha asome kwa nini mashine hupimwa kila asubuhi kwa mfano wa uti wa mgongo ambao uzito wake unajulikana. Asome pia kwa nini yeye mwenyewe anatakiwa awapime watu 30 mara mbili mbili ili ajue kiwango chake cha kukosea. Asiyejua hilo atamwambia mgonjwa aliyetoka -1.9 hadi -2.1 kwamba hali imekuwa mbaya, kumbe hakuna kilichobadilika.

Namba hizo ni alama T. Zinalinganisha mifupa yako na ya kijana mwenye afya. Mipaka iliwekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994: -1 kwenda juu ni kawaida, kati ya -1 na -2.5 madini yamepungua, na -2.5 au chini ya hapo ni osteoporosisi. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, au mwanamume ambaye hajafika miaka 50, hutumika alama Z, inayomlinganisha na wa rika lake.

Upande wako sasa. Usimeze vidonge vya kalsiamu siku ya kipimo na siku moja kabla. Kama karibuni ulinyweshwa dawa nyeupe ya eksirei ya tumbo, sema. Vua mkanda, nguo yenye zipu, na shanga za kiunoni. Mama zangu wa Kanda ya Ziwa, najua wengine hawazivui mbele ya mtu, lakini zinakaa palepale panapopimwa, zivue nyumbani. Mkono uliowahi kuvunjika haupimwi, hutumika mwingine.

Taja pia dawa zako: prednisoloni ya muda mrefu, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, au ARV zenye tenofovia. Zote zinaweza kugusa mifupa, ila usiache hata moja bila kumwona daktari. Na kama umekulia kwenye maji ya visima yenye floraidi nyingi, kama baadhi ya sehemu za Arusha na Shinyanga, sema vilevile. Floraidi huufanya mfupa uonekane mzito kwenye kipimo ilhali ni mwepesi kuvunjika.

Karatasi ya majibu itunze pamoja na kadi yako ya kliniki. Kipimo cha pili kifanyike kwenye mashine ileile, maana namba za mashine mbili tofauti hazilinganishwi hivihivi.