Kuku Hasimami: Lipi Kweli, Lipi Si Kweli?

Katika mitaa ya Songea, iwe Lizaboni, Mfaranyaki au Bombambili, kuku hufugwa kwa ajili ya mayai, mboga na shida ya fedha isiyotoa taarifa. Lakini katika nyumba nyingi yupo mmoja aliyekwishavuka mpaka huo. Ana jina, anaingia jikoni bila kufukuzwa, anadonoa punje mikononi mwa watoto, na wageni wakija hakuna anayethubutu kumtaja. Kuku huyo akiamka siku moja miguu haimbebi, nyumba nzima inakosa raha, na ushauri unaanza kumiminika kutoka kila upande. Upo ushauri wa kweli humo, na upo unaoua. Nauchambua kama unavyosemwa, nikianza na ule ninaouona una madhara kuliko mwingine wote.

"Kuku akishalala miguu hakuna kitu hapo, subiri tu afe."

Si kweli. Tena kauli hii hujitimiza yenyewe, kwa sababu kuku aliyepooza mara nyingi hauawi na ugonjwa uliomlaza. Anakufa kwa kiu na njaa. Chombo cha maji kiko hatua chache tu kutoka alipo, lakini hatua hizo hana. Wenzake wanamkanyaga, wanamdonoa, wanamaliza chakula mbele yake. Baada ya siku mbili tatu tunasema ugonjwa ulikuwa mkali, kumbe hakunywa maji tangu juzi.

Kwa hiyo kabla hujajua jina la ugonjwa, mfikishie maji. Mtoe kundini, umweke kwenye beseni pana au boksi lenye maranda ya mbao. Viringisha kitenge kuukuu kiwe kama kata ya kubebea ndoo, umkalishe katikati yake ili asianguke ubavu na miguu ibaki chini ya mwili. Maji na chakula viwe usawa wa mdomo wake, upande ambao shingo yake inafika. Chakula kiwe laini kilicholowekwa. Akishindwa kunywa mwenyewe, chovya kidole kwenye maji na upitishe tone pembeni mwa mdomo, alimeze taratibu. Usimmiminie kooni hata kidogo, maji yataingia kwenye njia ya hewa na utakuwa umemzamisha.

Mgeuze mara kadhaa kwa siku, la sivyo kifua kitatoka vidonda. Mfute kwa maji ya uvuguvugu kinyesi kinachoganda chini ya mkia, kwani nzi hutaga hapo na funza hufuata. Jioni mpapase gole, pale chini ya shingo: likiwa limejaa, amekula, likiwa tupu, mlishe wewe. Na kwa kuwa Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai si wa kumwacha kwenye sakafu ya saruji. Kuku mzima hujipasha joto kwa kujibana na wenzake juu ya kichanja. Huyu hana hilo, basi alale ndani, mahali pakavu pasipo na moshi.

Wapo ambao hawatainuka hata ukifanya yote haya. Wapo wanaoinuka.

"Ni mdondo huo."

Akiwa mmoja tu, mara nyingi si kweli. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, huingia kwa kishindo. Kuku wengi huugua ndani ya siku chache, wanakoroma, wanahara kijani, na vifo vinafuatana. Ni kweli kwamba virusi vyake hushambulia mishipa ya fahamu, na baadhi ya wanaonusurika hubaki na shingo iliyopinda au miguu iliyolegea. Lakini kuku mmoja aliyelala wiki nzima huku macho yake ni angavu, anakula kwa hamu, kinyesi ni cha kawaida na wenzake wote ni wazima, huyo mtafutie sababu nyingine. Ubaya wa kuita kila kitu mdondo ni kwamba ukishataja jina hilo, unaacha kumwangalia kuku.

Chanjo ya mdondo inayotufaa huku kwetu ipo, nayo ni ya I-2. Ilianzia kwa Profesa Peter Spradbrow na wenzake katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliotafuta virusi dhaifu vinavyostahimili joto, kwa ajili ya vijiji visivyo na jokofu. Hapa Tanzania hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, huko Kibaha, na wengi wanaijua kwa jina la TEMEVAC. Ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Inakinga, haitibu, kumchanja aliyekwisha kulala hakumsaidii.

"Kama alichanjwa, hawezi kupooza."

Si kweli. Chanjo ya mdondo inakinga mdondo tu. Kuna mahepe, ugonjwa ambao daktari wa mifugo wa Hungaria, József Marek, aliueleza mwaka 1907 baada ya kuwachunguza majogoo wanne waliopooza miguu na mabawa. Husababishwa na virusi vinavyokaa kwenye vumbi la ngozi na manyoya, na vumbi hilo hubaki bandani muda mrefu likiwa na uwezo wa kuambukiza. Huwapata zaidi kuku wanaokua na mitetea wanaokaribia au walioanza kutaga. Picha yake ni ya pekee: kuku analala mguu mmoja umenyooka mbele, mwingine nyuma, huku akili yake ni timamu na anakutazama.

Chanjo ya mahepe hutolewa kwa kifaranga wa siku moja, kabla hajakutana na virusi. Kwa kawaida hiyo ni kazi ya vituo vya kutotolesha. Kuku aliyeanguliwa na mama yake nyuma ya jiko hapa Songea hajawahi kuipata, na akishaugua imekwisha kuchelewa. Dawa hakuna. Hata hivyo, baadhi hupooza kwa muda mfupi tu kisha wakasimama, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokata tamaa siku ya kwanza. Aliyepona hubaki akisambaza virusi, hivyo usimchanganye na vifaranga.

"Mahindi yanatosha, huu si mkoa wa mahindi?"

Si kweli, na hapa naomba tukae kidogo. Mkoa wetu wa Ruvuma unalisha nchi kwa mahindi, na kuku wetu wanashiba mahindi. Kushiba ni jambo moja, kulishwa ni jambo lingine.

Mwishoni mwa karne ya 19, katika mji wa Batavia ulioko Java, ambao leo ni Jakarta, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa akitafuta kijidudu cha beriberi, ugonjwa uliokuwa ukiwalemaza askari na wafungwa. Kuku wa maabara yake wakaanza kuyumba, kisha kuanguka, kisha kupooza. Halafu ghafla wakapona bila tiba. Alipofuatilia akakuta kwamba kwa muda walikuwa wakilishwa wali mweupe kutoka jiko la hospitali ya jeshi, mpaka alipokuja mpishi mpya aliyekataa wali wa jeshi kupewa kuku wa raia. Wakarudishiwa mchele usiokobolewa, na miguu ikarudi. Kilichokuwa kinakosekana kilikuwa kwenye pumba. Ilichukua miaka kwa yeye na mwenzake Gerrit Grijns kuelewa maana yake, lakini kuku wale ndio waliotufungulia mlango wa vitamini, na mwaka 1929 Eijkman alipata Tuzo ya Nobeli pamoja na Frederick Hopkins wa Uingereza.

Vitamini iliyowaangusha kuku wa Java ni B1, na mahindi mazima hayakosi hiyo. Pungufu lake liko kwingine: B2, madini ya chokaa, na protini kamili. Kifaranga aliyekosa B2 vidole vyake hujikunja kwa ndani kama ngumi, akawa anatembelea magoti. Ukimwahi, anasimama, ukichelewa, mishipa ya fahamu inakuwa imekwisha kuharibika. Kuku anayetaga asiyepata chokaa ya kutosha huikopa kwenye mifupa yake mwenyewe, yai baada ya yai, hadi siku miguu inamkataa.

Marekebisho yake hayahitaji utajiri. Usipa, wale dagaa wanaotoka Ziwa Nyasa na kuuzwa sokoni hapa mjini, wakisagwa wana protini na B2. Maganda ya mayai yaliyokaushwa na kupondwa ni chokaa. Mboga za majani, mchwa, na kumwacha kuku achakure mwenyewe vinafanya kazi kubwa. Kwa aliyekwisha kulala, ongeza vitamini ya unga ya kuku kutoka duka la dawa za mifugo, uichanganye kama kibandiko kinavyosema.

Kuna jambo jingine kuhusu mahindi, na linatisha zaidi. Mbegu za dukani zenye rangi nyekundu au waridi zimepakwa dawa. Msimu wa kupanda ukifika, kuku huzifukua shambani, na wapo watu wanaowarushia zilizobaki. Mahindi ya ghalani yaliyochanganywa na dawa ya unga ya kuzuia dumuzi nayo si ya kumpa kuku bila kwanza kuangalia muda uliopita tangu kutiwa dawa. Kuku anayetokwa udenda, anayetetemeka na kuishiwa nguvu ghafla, ulizia kwanza alichokula jana.

"Mbona jana alikuwa mzima? Huyu amechezewa."

Sibishani na imani ya mtu, ila kabla ya kumtafuta mbaya wako, chukua tochi uende bandani usiku. Papasi, yule kupe laini wa kuku, mchana hujificha kwenye nyufa za ukuta na mbao, usiku hutoka kunyonya damu. Makinda yake hung'ang'ania chini ya bawa kwa siku kadhaa, na mate yao yana sumu inayolegeza misuli, ikianzia miguuni. Papasi pia husambaza kwa kuku bakteria wa homa inayowadhoofisha na kuwapooza. Kwa hiyo ukisikia papasi anaweza kumlaza kuku, ni kweli kabisa. Inua kila bawa, fukua manyoya mpaka uione ngozi. Makinda yakitolewa, kuku huweza kupata nafuu. Kisha ziba nyufa na upulize banda dawa utakayoelekezwa na afisa mifugo wa kata.

"Labda yai limekwama."

Kweli. Swali hili wanawake wanaofuga huliuliza mapema, nao wana haki. Yai lililoshindwa kutoka hubana mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni. Kuku husimama wima kupita kawaida, mkia chini, anajikamua bila kutoa kitu, halafu anaketi. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yafike tumboni kwa dakika kama ishirini, paka mafuta ya kula kwenye njia ya kutagia, umwache mahali penye giza na utulivu. Usilivunje yai likiwa ndani. Lisipotoka siku hiyo, ni kazi ya daktari.

"Mtumbukizie kapsuli za antibiotiki, zitamaliza kila kitu."

Si kweli kwa mdondo, si kweli kwa mahepe, si kweli kwa upungufu wa chakula, si kweli kwa yai lililokwama. Ni kweli kwa homa ya papasi, na kwa usaha wa chini ya kanyagio, ule uvimbe wenye kigaga cheusi unaotokana na kichanja kibovu au mwiba. Kwa maneno mengine, dawa ina mahali pake, na mahali hapo hupajui mpaka umeugeuza mguu wa kuku na kuutazama. Kumpa kwa kubahatisha kunawafundisha vimelea usugu dhidi ya dawa, na mabaki yake huishia kwenye mayai wanayokula watoto wale wale wanaompenda kuku huyo.

"Mchinje mapema, nyama isipotee."

Hapa jibu limegawanyika. Mahepe hayampati binadamu. Mdondo huweza kumletea anayemshika kuku macho mekundu ya siku chache. Lakini kuku ambaye sababu ya ugonjwa wake haijulikani huenda alikula mbegu yenye dawa, au amelegea shingo kwa sumu ya mzoga aliodonoa funza wake, au ametoka kumezeshwa antibiotiki juzi. Huyo asiingie chunguni. Na kama hali, hanywi, anahema kwa shida na vidonda vimeanza, kumpumzisha haraka kwa mkono wa mtaalamu ni sehemu ya kumtunza. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 iko upande wa mnyama asiachwe kuteseka, naye kuku ni mnyama.

Akifa, usimtupe jalalani. Mwite afisa mifugo, au mfunge kuku huyo kwenye mifuko miwili ya plastiki, umweke kwenye barafu bila kumgandisha, na umuulize afisa namna ya kumfikisha kwenye maabara. TVLA ina kituo Iringa. Mtaalamu atapasua paja na kufunua mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Ukiwa mzima ni mweupe unaong'aa, una vistari laini vinavyokatiza. Wa kuku wa mahepe huwa umevimba na kugeuka kijivu, vistari vimefutika, mara nyingi upande mmoja tu. Atalinganisha mguu wa kulia na wa kushoto. Kama ni mahepe, fagia vumbi lote la banda na kulichoma, na vifaranga wanaofuata uwaagize kutoka kituo kinachowachanja siku ya kwanza.