Maiti za Mto Ruvu

Desemba 2016 maiti kadhaa ziliopolewa katika Mto Ruvu, huku kwetu wilayani Bagamoyo, nyingine zikiwa ndani ya viroba. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, alisema huenda ni wahamiaji haramu. Wengi wetu tukapumua. Kumbe ni wageni!

Lakini mtu hajifungi mwenyewe ndani ya kiroba. Mwezi wa Juni 2012 Waethiopia zaidi ya 40 walikutwa wamekufa kijijini Chitego, Kongwa, na ikajulikana kwamba walikosa hewa ndani ya lori. Hawa wa Ruvu je? Kama walikuwa wahamiaji, waliwahi kukamatwa? Na nani? Au ni waliowasafirisha ndio waliowatupa?

Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 haiulizi pasipoti. Kifo cha ghafla au cha kutumia nguvu huchunguzwa, na aliyefia mikononi mwa polisi vivyo hivyo.

Sisi wauguzi tunajua kazi hiyo inavyoanza. Maiti isiyo na jina huandikiwa jinsia, umri wa kukadiria, makovu, meno na nguo, hata kifungo cha shati. Tena huchukuliwa sampuli ya vinasaba kabla ya kuzikwa. Mama aliyeko Hosana, Ethiopia, humtambua mwanawe kwa kovu la goti.

Tunachoomba serikalini ni kidogo: walikuwa wangapi, walikufaje, na kila mmoja amelazwa wapi.